Laini ya pili nyumbani: ina jina la nani?



Zamani mtu akikuuliza namba ya simu ulimtajia moja, mambo yakaisha. Siku hizi anayeulizwa huuliza kwanza, "Ya mtandao gani?" Kisha anatoa mbili, pengine tatu, na maelezo juu yake: hii ndiyo ya pesa, hii usipige usiku, na hii ukiikosa mpigie mama watoto. Wala si maneno ya mtaani tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, pamoja na watoto wachanga. Lakini takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, za mwishoni mwa mwaka 2024 zilionyesha laini za simu zaidi ya milioni 80. Hesabu hiyo haihitaji profesa. Wengi wetu tuna laini ya pili.

Najua wapo ambao tayari wameanza kutabasamu. Likitajwa neno laini ya pili, mawazo hukimbilia kwenye ile kadi inayofichwa ndani ya soksi na kupachikwa kwenye simu baada ya saa tatu usiku. Hiyo leo naiacha. Ina wachungaji wake, ina mashehe wake na ina washenga wake. Mimi nataka tuzungumzie laini ya pili ya nyumba: ile inayokaa kwenye kitochi juu ya kabati, anayoipokea aliye karibu, wanayotumia watoto kuomba nauli, bibi kupokelea pesa, na dada wa kazi kuulizia kama mboga ziungwe au zisiungwe. Laini hiyo kila mtu anaitumia. Swali langu la leo ni fupi: ni ya nani?

Swali hili nimelitoa Goweko. Kwa wasiopajua, Goweko ni kituo cha Reli ya Kati, katika Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora. Ukitoka Dodoma ukapita Manyoni, utakifikia kabla ya kuingia Tabora mjini. Mimi ni mtu wa Pwani, na Wanyamwezi ni watani zangu tangu enzi za misafara, wakati babu zao walipokuwa wakishuka na mizigo mabegani hadi Bagamoyo. Utani ulizaa undugu. Dada yangu ameolewa huko. Kwa hiyo huwa nakwenda, na nikifika hupewa karanga, asali na maneno makali, kama inavyostahili mtani.

Nchi ile, wasikilizaji, inajua mambo ya mawasiliano kabla yetu sisi wa mjini. Njia ya misafara ilipita huko kwenda Unyanyembe, yaani Tabora ya sasa, na kuendelea hadi Ujiji. Barua zilikwenda kwa miguu ya watu. Upo mfuko mmoja wa barua uliopata sifa duniani. Ulikuwa wa Daktari Livingstone, na juu yake uliandikwa tarehe 1 Novemba 1870, siku ulipofungwa Unguja. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley aliukuta Unyanyembe, umelala. Akaubeba, na Livingstone akaushika mkononi huko Ujiji mwaka mzima baada ya kufungwa. Jina lake lilikuwa juu ya mfuko, barua zilikuwa zake, lakini mfuko ulikuwa katika mikono ya wengine. Kilichomchelewesha si umbali peke yake, bali pia kwamba njiani hapakuwa na mtu mmoja wa kuulizwa.

Kisha ikaja reli. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli zikaja nyaya za mawasiliano, zikifuata njia ya treni kutoka nguzo hadi nguzo. Reli ile ni ya njia moja. Treni mbili zikikutana katikati ya vituo, hakuna wa kupisha. Kwa hiyo stesheni masta hawezi kuiruhusu treni iondoke mpaka awasiliane na mwenzake wa kituo cha mbele, aulize kama njia i wazi, apewe ruhusa, aandike saa na namba ya treni kwenye daftari, ndipo dereva apate ruhusa yake. Simu ya stesheni haikuwa ya kila apitaye. Aliye upande huu alijulikana, aliye upande ule alijulikana, na yaliyosemwa yaliandikwa. Naomba mlikumbuke daftari hilo, maana nitalirudia.

Sisi wengine tulichelewa. Miaka ya 1990 Tanzania Bara na Visiwani hatukuwa hata na simu moja ya mezani kwa kila watu 100. Uliomba simu, ukaandikwa kwenye orodha, ukasubiri. Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa mwaka 1994 na kampuni ya simu, TTCL, ikasimama peke yake, wengi walikuwa bado wanasubiri. Vijijini tegemeo lilikuwa simu ya upepo ya polisi, ya misheni au ya mradi fulani, na ujumbe wako ulisikilizwa na ofisi nzima.

Wakati huohuo huko Marekani familia zilikuwa zikiongeza laini ya pili nyumbani. Nyumba nyingi zilikuwa tayari zimepitishiwa waya wenye nyuzi nne, na simu moja hutumia nyuzi mbili tu. Nyuzi mbili zilizobaki zilikuwa akiba. Mzazi aliyechoshwa na binti anayeongea saa mbili mfululizo, au aliyenunua kompyuta ya kuingia kwenye intaneti kwa njia ya simu, aliomba nyuzi hizo za akiba ziunganishwe, akapata namba ya pili. Lakini tazameni jambo moja. Laini ile iliingia ukutani mwa nyumba, ikawa na anwani ya nyumba, na bili yake ikaja kwa jina la mwenye nyumba. Hata ukimpa binti aitumie, ilijulikana nani atalipa.

Laini yetu ya pili haikuingia kupitia ukutani. Iliingia kupitia mfukoni. Na haikuletwa na anasa, ililetwa na ubanaji matumizi. Mnakumbuka: kupiga simu ndani ya mtandao mmoja kulikuwa nafuu, kuvuka kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali. Sababu moja ni kwamba mtandao unaopokea simu hulipwa na mtandao inakotoka. Kwa hiyo mtu aliona ni bora awe na kadi mbili kuliko kulipa gharama ya kuvuka. Alikuwa akifungua mfuniko wa simu, anatoa betri, anabadilisha kadi, anapiga, anarudisha. Mwishoni mwa miaka ya 2000 zikaja kutoka China simu za laini mbili, na kazi ya kufungua mifuniko ikaisha.

Sababu hiyo ya bei imepungua sana nguvu. Ada ambayo mtandao mmoja humlipa mwenzake kwa kupokea simu iliwekwa kuwa shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013, ikawa shilingi 15.60 mwaka 2018, ikashuka hadi shilingi 2 mwaka 2022. Tangu mwaka 2017 mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadilisha namba. Pesa nazo zimeruhusiwa kuvuka: makubaliano ya kwanza baina ya mitandao yalifanyika mwaka 2014. Kwa mtu wa mjini, basi, sababu nyingi za laini ya pili zimebaki kuwa mazoea.

Kwa Goweko si mazoea. Huko mtandao mmoja unashika vizuri karibu na stesheni na kupotea ukivuka mbuga. Mwingine unashika shambani na kusuasua nyumbani. Serikali imekuwa ikisaidia ujenzi wa minara vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, na mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini mara nyingi mnara ukiwa wa kampuni hii haumsaidii mwenye kadi ya kampuni ile, na mkulima wa tumbaku anayesubiri taarifa za malipo yake hawezi kukisia leo atakuwa upande gani wa mbuga. Anashika mbili. Ndiyo maana sitawaambia, kama wasemavyo wengine, kuwa mshika mbili moja humponyoka, basi tupeni ya pili. Nasema mshika mbili azijue zote mbili.

Sasa niwaeleze yaliyotokea katika nyumba moja huko. Sitataja majina, na mtandao wenyewe sitautaja.

Nyumba hiyo ina laini tatu. Baba anayo ya malipo ya tumbaku. Mama anayo yake ya biashara ndogondogo. Ya tatu inakaa kwenye kitochi, na wote huiita "laini ya bibi". Bibi mwenyewe ana umri wa kuitwa bibi na kijiji kizima. Ana presha ya macho. Ugonjwa huo, kwa wasioufahamu, hauumi mwanzoni, lakini hula uwezo wa kuona taratibu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa yake ya matone haiponyi. Inazuia tu usiendelee. Kwa hiyo haitakiwi kukatika. Watoto wa bibi walioko mijini humtumia pesa za dawa kwenye kitochi kile, naye huongeza za karanga zake.

Mwanzoni mwa mwaka 2020, wasikilizaji mtakumbuka, nchi nzima ilikuwa kwenye foleni za kusajili laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi tarehe 20 Januari 2020. Bibi alipelekwa. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Kidole kilichoshika jembe miaka 60 kimesuguliwa kikawa laini kama kokoto la mtoni. Mashine haioni kitu. Foleni nyuma ilikuwa ndefu, na siku zilikuwa zimekwisha. Mjukuu wake aliyekuwa amemsindikiza akasema, "Bibi, niache niweke changu." Laini ikasajiliwa kwa jina la mjukuu. Kila mtu alishukuru, na kwa siku ile ilikuwa sahihi kushukuru.

Miaka miwili baadaye kitochi kikatumbukia kisimani na kadi ikaharibika. Ndani ya laini kulikuwa na shilingi 180,000. Mama akaenda kwa wakala kuomba kurudishiwa laini. Akaulizwa, "Mwenye laini yuko wapi?" Akasema, "Ni bibi, yuko nyumbani." Wakala akatazama akasema, "Mwenye laini ni mwanamume." Hakuwa mkorofi, alikuwa anafanya kazi yake. Lau angeirudisha kwa aliyekuja tu na maelezo mazuri, kesho angeirudisha kwa mwizi.

Mjukuu alikuwa amekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Simu yake ilipatikana siku moja, ikapotea kumi. Hakuwa mwizi, wala hakuwa mjukuu mbaya. Alikuwa kijana aliye kazini, mbali na nauli. Alifika Tabora mjini baada ya wiki saba, akaweka kidole, laini ikarudi, na pesa zikakutwa kamili mpaka shilingi ya mwisho. Lakini katika wiki hizo saba, wiki tatu bibi alikaa bila matone. Chupa moja ilinunuliwa kwa mkopo, ya pili mkopo haukupatikana kwa wakati. Nilipomtembelea mwaka 2023 alinitambua kwa sauti. Daktari pekee ndiye awezaye kusema kiasi gani kilipotea katika wiki zile na kiasi gani kingepotea vyovyote vile. Bibi mwenyewe alilisema kwa ufupi: "Mwanangu, simu ni yangu, pesa ni yangu, ila kidole si changu."

Wasikilizaji, huo ndio mzizi wa maneno yangu. Tumezoea kufikiri kwamba laini ni ya anayeishika. Sivyo. Kwa sheria na kwa mashine, laini ni ya aliyeweka kidole. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo iliyotaka kila laini isajiliwe. Kanuni za mwaka 2020 zikaongeza ukomo: mtu awe na laini moja kwa kila mtandao, na anayetaka ya ziada afuate utaratibu wake. Anayebeba jina ndiye mwenye pesa iliyomo, ndiye mwenye deni likikopwa, na ndiye atakayeitwa polisi ikitumika vibaya.

Na sasa narudi kwako wewe uliye mjini, unayenisikiliza ukiwa kwenye daladala au unayesoma maneno haya gazetini kesho yake. Huenda ulikuwa unasema moyoni, pole zao watu wa Goweko. Hebu jiulize. Ile simu uliyompelekea mama kijijini, ukamwekea na laini, uliisajili kwa kidole cha nani? Ile ya dada wa kazi je? Ile ya mtoto aliyekwenda shule ya bweni? Wengi wetu tumewafanyia wazazi wetu kile alichokifanya yule mjukuu, kwa nia ileile njema.

Basi tupime. Mama yako anaweka akiba yake kwenye laini yenye jina lako. Wewe, Mungu apishe mbali, ukifariki leo, pesa ile si ya mama tena mbele ya karatasi. Ni sehemu ya mirathi yako. Kampuni itadai hati za msimamizi wa mirathi, na huenda msimamizi akawa mtu ambaye hapatani na mama. Bibi kizee atasimama mahakamani kueleza kuwa pesa ya karanga zake ilikuwa yake. Nani atamsikiliza haraka?

Au tuseme wewe u hai, ila yule dada wa kazi aliondoka mwaka juzi na laini uliyomsajilia. Aliigawa au aliiuza, hujui. Leo kuna mtu anaitumia kutuma ule ujumbe tunaoujua sote: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Au anajifanya mwenye nyumba anayedai kodi. Tunaucheka ujumbe ule kwa sababu umezoeleka, lakini kila ujumbe ule hutoka kwenye laini yenye jina la mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo hajui hata kama jina lake limo. Wapo mawakala wasio waaminifu waliosema, "Weka tena kidole, hakijasoma," kumbe mara ya kwanza kilisoma na mara ya pili kimesajili laini nyingine. Hilo TCRA yenyewe imelionya mara nyingi.

Kuna na hatari ya tatu, ya laini iliyolala. Watu wana kadi kwenye droo, wanasema ni ya akiba. Laini isiyotumika haikungojei milele. Ikikaa kimya miezi kadhaa kampuni huifunga, na baadaye namba ileile hugawiwa mteja mwingine. Kama namba hiyo ndiyo uliyoiandikisha benki, shuleni kwa watoto au kwenye barua pepe yako, taarifa zako zitakuwa zinamfikia mtu asiyekujua. Hajakuibia, amenunua namba dukani. Ni wewe uliyeacha mlango wazi ukahama.

Tufanye nini basi? Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo naliomba lile daftari la stesheni masta.

Kwanza, kila nyumba iwe na daftari la laini. Ukurasa mmoja unatosha. Andika namba, mtandao, jina lililosajiliwa, anayeitumia, na mahali palipoandikishwa namba hiyo, iwe benki, shule, hospitali au chama cha msingi. Namba ya siri usiiandike humo. Hiyo ibaki kichwani mwa mwenyewe. Daftari hili lisiwe siri baina ya mume na mke. Na kama kuna namba ambayo mmoja wenu hataki iandikwe, hayo nimeshasema yana washenga wake.

Pili, kila mmoja mwenye kitambulisho cha Taifa apige *106# na kufuata maelekezo, ahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asiyoitambua asiinyamazie, aende kwa kampuni husika iondolewe. Fanya hivyo walau mara moja kila baada ya miezi michache, kama unavyokagua mita ya maji. Na ujumbe wa kitapeli usiufute tu. Upeleke kwenye namba 15040 iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Tatu, jina lifuate mtumiaji. Kama mama ana kitambulisho na vidole vyake vinasoma, safari ijayo ukienda kijijini mpeleke dukani mkabadilishe umiliki. Ni kazi ya asubuhi moja. Mtoto naye ana utaratibu wake wa kusajiliwa kupitia mzazi au mlezi, hivyo laini yake ijulikane kuwa ni ya mtoto na siyo ya kaka wa jirani.

Nne, ambapo jina haliwezi kubadilishwa leo, pesa zisilale kwenye laini ya jina la mtu mwingine. Zikiingia zitolewe, zinunue dawa, zilipe ada, zilizobaki ziwekwe mahali penye jina la mwenyewe. Laini ya nyumba iwe ya kuongelea, isiwe benki ya familia.

Tano, laini isiyo na kazi ifungwe rasmi. Kabla ya kuifunga, iondoe kila ulikoiandikisha. Usiitupe jalalani, usimpe rafiki.

Hayo ni ya kwetu nyumbani. Lakini si haki kumaliza bila kusema na wakubwa. Tumeweka sheria inayotaka kidole, na sheria ni nzuri, maana imepunguza uholela. Lakini nchi hii imelimwa kwa mikono. Mkulima aliyesuguliwa vidole na jembe, mvuvi aliyekatwa na nyuzi za nyavu, mwashi aliyeunguzwa na saruji, hawa ndio waliotulisha na kutujengea. Isiwe kwamba kwa sababu ya kazi hiyohiyo wanakosa kuwa na laini yenye majina yao. Utaratibu wa mtu ambaye vidole vyake havisomi usiishie kwenye makao makuu ya mikoa. Ufike Goweko, na wakala wa Goweko aujue, aweze kumweleza bibi bila kumrudisha nyumbani. Kampuni za simu zina magari ya matangazo yanayofika vijijini na muziki mkubwa kuuza laini mpya. Gari hilohilo libebe na afisa wa kubadilisha umiliki wa laini za zamani, pamoja na afisa wa vitambulisho wa NIDA. Muziki uendelee, hatukatai.

Bibi wa Goweko, nawajulisheni, sasa ana laini yenye jina lake. Ilibidi apelekwe Tabora mjini, na vidole vikajaribiwa kimoja baada ya kingine, vyote kumi, mpaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikakubali. Jembe halikuwa limekifikia sana. Laini ile ya mjukuu imefungwa, na namba mpya imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, pamoja na tarehe za kununua matone.

Basi leo ukifika nyumbani, kabla ya taarifa ya habari ya usiku, zikusanye simu zote za nyumba juu ya meza na uulize kwa kila laini: hii ina jina la nani? Jibu likichelewa kutoka, hapo ndipo pa kuanzia.